Uso Usioguswa Wembe

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi zake tu. Mtaani mpiga picha huyu aliitwa Bi Wembe, naye aliitika. Hakuitwa hivyo kwa ukali wa ulimi, ingawa ulimi wenyewe haukuwa butu. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kipande cha wembe alichokipachika kwenye kijiti, akakitumia kwa kazi ambayo wapiga picha wenzake hawakuwa na subira nayo: kurekebisha sura za watu kabla picha haijasafishwa.

Zama hizo picha zilikuwa za filamu, nyeusi na nyeupe. Kwanza ilitoka negativu, ile ambayo ndani yake kila kitu kimegeuka, cheusi kimekuwa cheupe na cheupe cheusi. Bi Wembe aliilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akavaa miwani, akainama. Makunyanzi ya paji la uso aliyajaza kwa penseli yenye ncha kali, yakapotea. Kovu linalong'aa alilipara kwa wembe, taratibu, kama mtu anayepara dagaa mmoja mmoja. Shavu lililozidi alilila pembeni kidogo kidogo hadi likafuata amri. Mtu aliingia studio na uso aliopewa na Mungu pamoja na taabu zake, akatoka na uso ambao angekuwa nao laiti mambo yangemwendea vizuri.

Na watu walipenda, nani asingependa? Fundi bomba mmoja aliitazama picha yake kwa muda, akauliza huyu bwana ni nani. Alipoambiwa ni yeye mwenyewe hakubisha hata kidogo. Aliagiza nyingine kubwa zaidi, ya kumpelekea mama mkwe.

Kazi hiyo Bi Wembe aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na chumba, pazia la kijivu, kiti cha mti chenye mgongo mrefu na kitana kilichofungwa kwa uzi kwenye kioo ili wateja wasiondoke nacho. Mjomba alikuwa na msemo wake kwamba mtu hatoi pesa aonyeshwe alivyo, kwani kioo cha nyumbani humwonyesha hayo bure. Bi Wembe aliushika msemo huo kama amana. Kila aliyeketi kwenye kile kiti aliambiwa maneno yale yale: kidevu chini, midomo ikutane, tabasamu kidogo kama unayejua siri nzuri. Ukipita kwenye nyumba za mtaa ule ungeona ukutani mabibi harusi, makarani, wauza mchele na wastaafu, wote wanajua siri moja.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bi Wembe alisifiwa mno. Sisemi alizembea, maana uzembe hakuzaliwa nao. Ila alifika mahali akawa haangalii tena uso wa mtu. Aliangalia cha kuondoa.

Ndipo akaja mshonaji. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, na siku hiyo alikuwa anakohoa ndani ya leso huku akijifanya anasafisha koo. Alieleza shida yake akiwa wima, hakutaka hata kiti. Daktari amesema ni kifua. Analazwa kwenye hospitali ya vifua nje ya mji, na si kwa wiki wala mwezi, na watoto hawaruhusiwi kukanyaga huko. Binti yake ana miaka mitatu, anamwachia mama yake mzazi. Anataka picha ya kutundikwa chumbani ili mtoto amwone kila siku asimsahau.

Bi Wembe alimhurumia kwa moyo wake wote, na huruma yake ilikuwa na njia moja tu ya kutokea. Alimketisha, akamwambia kidevu chini, midomo ikutane. Mshonaji alikuwa na kovu kwenye kidevu, la kuanguka utotoni, na katikati ya nyusi alikuwa na mkunjo mzito wa mtu aliyetunga uzi kwenye sindano tangu usichana wake. Asubuhi nzima Bi Wembe aliinamia negativu ile. Penseli ikaufuta mkunjo, wembe ukaliondoa kovu. Picha ilipokauka ilikuwa nzuri kiasi kwamba alitoa nakala nyingine akaiweka dirishani, wapita njia waione.

Mvua zikanyesha, zikakatika. Siku moja mama yake mshonaji akaingia studio na ile picha kwenye fremu yake, akailaza mezani kifudifudi.

"Nimekuja kukurudishia, dada, wala si kwa ubaya," alisema. "Mtoto haijui hii picha. Na juzi ameniita mimi mama."

Bi Wembe alikasirika. Alisema mtoto wa miaka mitatu ni wa kufundishwa, si wa kungojwa ajue mwenyewe. Bibi akajibu kwamba anamfundisha kila jioni kabla ya kulala, na kila asubuhi wanaanza upya. Bi Wembe akasema labda imetundikwa mahali penye giza. Bibi akasema imetundikwa mkabala na dirisha. Hapo Bi Wembe akachukua ufunguo, akafunga studio mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mjomba, akamwambia yule bibi atangulie.

Mtoto alikuwa uani anachimba. Alipoitwa alikuja mbio, akasimama mbele ya mgeni. Bi Wembe akachuchumaa, akaishusha picha hadi ikawa sawa na macho yake, akamuuliza huyu ni nani. Mtoto aliitazama vizuri. Akakumbuka adabu alizofundishwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, anti," aliiambia picha, kisha akarudi kuchimba.

Bi Wembe aliumia. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa na watu wazima waliotaka kudanganywa. Huyu mdogo ndiye pekee ambaye picha ile ilitengenezwa kwa ajili yake, na ndani yake hakumkuta mama yake. Alibaki amechuchumaa vile vile, fremu mkononi, mpaka magoti yakamkumbusha umri wake.

Alirudi studio akaanza kurekebisha marekebisho yake. Kwa pamba na spiriti aliifuta penseli kwenye negativu, na mkunjo wa kati ya nyusi ukarudi. Kovu halikurudi. Penseli husamehe, lakini kilichoparwa na wembe kimekwenda na hakuna dawa. Alisafisha picha mpya hivyo hivyo, akaipeleka. Mtoto akaipa shikamoo nyingine, fupi kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa yule anti alikuwa anazoeleka.

Bibi alimtengea Bi Wembe kigoda, akakaa naye, akatafuta namna ya kulisema jambo bila kumvunjia heshima. Mwishowe akalisema tu.

"Hata ukilirudisha kovu, dada, mwanangu hakai hivyo. Huyu anayetabasamu ni mgeni hata kwangu mimi niliyemzaa."

"Basi anakaaje?"

"Yeye si mtu wa kuchekacheka. Akikupenda anakugombeza. Mtoto huyu amelelewa kwa kugombezwa tangu asubuhi mpaka usingizi unamchukua. Kula, vaa, shuka hapo, nawa mikono. Mikono hasa. Na akigombezwa ndipo anamganda mama yake kama kupe."

 Bi Wembe alikuwa anajaribu kukumbuka kama kuna hata mara moja, tangu arithi kile kiti, alipomuuliza mtu yeyote anakaaje akiwa kwake. Hakukumbuka. Na mwanamke huyu hakuwa mtu wa kulia juu ya kosa wakati mikono bado ina nguvu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alisimama, akasema atakwenda hospitalini kumpiga picha nyingine, akamwachia bibi kazi ya kuomba dua.

Alipata nafasi kwenye gari lililopeleka mikate hospitalini, kamera ndani ya kasha mapajani. Bawabu wa getini alimsikiliza kwa adabu, akamwambia haiwezekani. Kamera haiingii wodini, na chochote kinachoingia wodini hakitoki mpaka kifukizwe dawa, na dawa ile ingeimaliza kamera. Bi Wembe akakaa juu ya kasha lake pembeni ya geti mpaka gari la mikate liliporudi. Siku ya pili alikuja tena, akaambiwa yale yale, akakaa pale pale. Bawabu alianza kumsalimia kama jirani. Siku iliyofuata alikuja na mwavuli wa jua, na bawabu akaelewa kwamba mama huyu amejifunga kibwebwe. Akaenda kumwita sista mkuu.

Sista alikuwa mwanamke mrefu mwenye haraka. Aliuliza mama anataka nini hasa. Bi Wembe akaeleza yote, pamoja na sehemu iliyomwaibisha, ile ya shikamoo. Sista alitazama upande wa wodi. Kisha akasema sheria inakataza kamera kuingia wodini, na hilo hawezi kulibadilisha, lakini bustani ya maua iliyo nyuma ya wodi ya wanawake si wodi. Dirisha litafungwa, mgonjwa atakaa ndani, mama atasimama nje kwenye maua, na tafadhali asikanyage vitalu.

Kwenye maua kukawa na shida nyingine. Kioo cha dirisha kilirudisha kila kitu: mawingu, mti wa mkabala, na Bi Wembe mwenyewe na kamera yake kama mzuka. Aliomba blanketi jeusi. Bawabu alishika pembe moja na sista pembe ya pili, wakalinyanyua nyuma ya kamera, mbingu ikazibwa, na kioo kikawa wazi. Upande wa pili alikuwa ameketi mshonaji.

Alikuwa amekonda. Mabega yalionekana chini ya gauni la hospitali, na shingo ilikuwa imerefuka. Lakini aliambiwa mpiga picha amekuja, basi alijiandaa. Alikuwa amejipaka poda ya jirani wa kitanda, amefunga kitambaa kipya kichwani, na alipoona kamera akafanya kama alivyofundishwa. Kidevu chini. Midomo ikakutana. Tabasamu kidogo, kama anayejua siri nzuri.

Bi Wembe alichungulia kwenye kamera akamwona anti. Alitamani ajizabe kibao. Uso ule wa uongo alikuwa ameutengeneza yeye, na sasa mwanamke wa watu anauvaa hata na ugonjwa wake, kwa heshima, kwa kuwa fundi alisema ndivyo. Filamu ilikuwa imebaki vipande vichache. Aliondoa kidole kwenye kitufe, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti ipite kioo.

"Mwanao hajambo. Anakula, analala. Lakini hanawi mikono."

Tabasamu lilisimama pale lilipokuwa.

"Anachimba uani kutwa nzima, anakuja kula hivyo hivyo na matope. Bibi yake akimwambia anawe, anakimbia."

Mshonaji aliinuka kwenye kiti. Akasogea mpaka pumzi yake ikakiwekea kioo ukungu, akaupangusa kwa kiganja bila kujua anafanya nini. Nyusi zikakutana. Mdomo ukavutika upande mmoja, kovu la kidevuni likakaza, na kidole kikapanda juu.

"Nani anamruhusu? Mwambie mama, mtoto analelewa, hafugwi kama kuku. Na yeye mwenyewe mwambie nimesikia. Mwambie mama yako amesikia kila kitu. Kabla hajagusa chakula anawe, mbele na nyuma, na kucha."

Wodi nzima ilisikia. Wagonjwa wengine waliinua vichwa, na yule wa kitanda cha jirani, mwenye poda, akaitikia kwamba watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Mshonaji alikuwa anagombeza huku machozi yanamtoka, hayafuti, hana nafasi nayo. Bi Wembe alibonyeza. Akavuta filamu, akabonyeza tena. Hakuwa ameona kitu kama hicho kwenye kile kiti chake.

Kisha kikohozi kikamshika mshonaji, akaketi. Kilipopita alimtazama Bi Wembe kwa mashaka.

"Umeshanipiga?"

"Nimekupiga."

"Hivi? Nimekonda na nimenuna?" Alijipangusa uso. "Lakini utanirekebisha."

"Sitakugusa."

Mshonaji aligeuza uso ukutani. Sista aliyekuwa ameshika blanketi alitazama miguu yake. Mshonaji aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo na Bi Wembe alilazimika kuegemeza sikio kwenye kioo. Alisema huenda asitoke humu. Alisema hataki mtoto abaki na uso huu, wa maradhi na hasira, akiwa amekua na yeye hayupo wa kumweleza.

Bi Wembe hakuwa daktari, wala hakujidai. Alimwambia alilokuwa nalo.

"Mimi nakutegemea urudi. Na siku ukirudi, ukaingia pale mlangoni, nataka mtoto amkimbilie mtu anayemjua, asikupe shikamoo. Ile picha yangu ya kwanza ingekuua ukiwa hai. Sirudii."

 Mshonaji alikifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya, akakaza fundo.

"Mpelekee," alisema. "Akilia, uichome."

Jioni hiyo hiyo kwenye chumba cha giza Bi Wembe aliitikisa karatasi ndani ya beseni la dawa na kuutazama uso ukipanda juu ya maji. Kwanza nyusi, kisha kidole, kisha mdomo ule uliovutika. Mkono ulimwasha, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na mshipa shingoni, na shimo chini ya shavu ambalo penseli yake ingelijaza kwa dakika chache tu, na mara moja hata alijikuta ameshavaa miwani. Akaivua. Alisema kwa sauti, peke yake mle ndani, kwamba Bi Wembe, ukimgusa huyu nitakukata mkono, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa neno lake, hakumgusa.

Aliitoa kubwa, sura iwe sawa na sura ya mtu. Asubuhi alikwenda nayo kwa bibi, na safari hii hakuitundika juu ambako watu wazima hutundika picha. Aliipigilia chini, pale mtoto anapoketi kula, usawa wa macho yake. Bibi alipoiona alishika tama, kwa jinsi mwanawe alivyokonda. Bi Wembe akasimama kando. Alikuwa kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani, maana alijua picha hii ikipewa shikamoo, hana nyingine.

Mtoto aliingia kutoka uani kufuata harufu ya chakula. Akafika katikati ya chumba, akaiona, akasimama. Bibi alifungua mdomo aanze kumfundisha kwamba huyu ni fulani, na Bi Wembe akamkamata mkono, akambana, akamnyamazisha.

Mtoto hakuinamisha kichwa. Aliitazama picha, na taratibu mikono yake yote miwili ikaenda nyuma ya mgongo.

"Nimenawa," alisema.

Wanawake wale wawili, waliokuwa nyuma yake, waliiona mikono yenyewe, imejaa tope mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyecheka. Uso ukutani haukulegea, kidole hakikushuka. Mtoto alisubiri kidogo aone kama uongo utapita. Haukupita. Akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshindwa, akageuka, akatoka. Walisikia ndoo ikigongwa, maji yakimwagwa, mengi kuliko yaliyohitajika.

Alirudi akiwa ameloa hadi kifuani. Akaenda moja kwa moja mbele ya picha, akanyoosha viganja vyote viwili, vimefunguka, maji yakidondoka sakafuni.

"Ona, mama," alisema, akaigeuza mikono ili aone na upande wa pili.